Ukienda kujitolea Juba, utawakuta waliojitolea kabla yako

BARUA tatu zimefika mezani kwangu katika muda wa mwezi mmoja, na zote zinauliza jambo lile lile. Ya kwanza imetoka kwa msichana wa Kayole aliyemaliza stashahada ya ualimu, ambaye kanisa lake liko tayari kumtuma Sudan Kusini akafundishe kwa miezi sita. Ya pili ni ya kijana wa chuo kikuu anayetaka kuitumia likizo yake ndefu huko huko. Ya tatu ni ya mama mzazi, na ndiyo iliyoandikwa kwa uchungu zaidi. "Nilimsomesha kwa kuuza mboga," anasema, "na sasa ananiambia anakwenda kufundisha bure katika nchi ya watu wenye bunduki. Nimwambie nini?"

Msomaji mpendwa, hili si jambo geni mijini mwetu. Yapo makanisa ya Nairobi, Nakuru na Eldoret yenye ushirika na makanisa ya Sudan Kusini, na vijana wao huombewa mbele ya madhabahu, wakachangiwa nauli na kupigiwa makofi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaeleza watakachokikuta baada ya makofi kwisha. Ndiyo sababu nimewatafuta Wakenya kadhaa waliokwenda wakarudi, nikawasikiliza.

Nilipowauliza ni nini kilichowatatiza zaidi, karibu wote walianza na joto, wakaja kwenye chakula, wakafika kwenye malaria. Kisha walinyamaza kidogo, na hapo wakataja jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote waliyopewa kanisani, nalo ni walimu wenyeji. Nitafika huko. Tuanze na mepesi.

Safari yenyewe si ndefu. Kwa ndege kutoka Nairobi hadi Juba ni chini ya saa mbili. Kwa basi utapita Kampala na Gulu, uvuke mpaka pale Nimule, kisha kilomita 192 za lami, iliyokamilika mwaka wa 2012, zikufikishe Juba. Beba pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya mwaliko kutoka kwa kanisa linalokupokea, na cheti cha tabia njema, maana unakwenda kukabidhiwa watoto wa watu. Dola zako ziwe safi na za miaka ya karibuni. Noti kuukuu au iliyochorwa kwa kalamu hukataliwa. Na kamera ya simu ifungie mfukoni. Kupiga picha hadharani bila kibali kumewatia wengi taabani, hasa karibu na daraja la mto Nile, uwanja wa ndege na popote penye askari.

Joto la Juba si la Mombasa. Mombasa kuna upepo wa bahari. Juba kuna mabati. Februari na Machi ndiyo miezi mibaya zaidi. Mnamo Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufikia nyuzi 45, na Februari 2025 ikazifunga tena kwa majuma mawili. Sasa angalia: mwaka wa masomo huko huanza Februari. Anayepanga kwenda kwa miezi mitatu kuanzia mwezi huo huenda akatumia sehemu ya muda wake chini ya mwembe akisubiri shule zifunguliwe. Ukiweza, fika Mei, mvua ikiwa imeanza. Kutakuwa na matope na mbu watakuwa wengi, lakini akili itafanya kazi. Neti nenda nayo kutoka nyumbani, na ukihisi homa usijipe moyo kwamba ni uchovu. Kapimwe siku hiyo hiyo.

Chakula hakitakushinda. Kuna asida, ambayo ni ndugu yake ugali, aghalabu ya mtama. Kuna kisra, mkate mwembamba kama karatasi unaoliwa kwa mchuzi wa bamia au wa nyama. Kuna ful, maharagwe yaliyochemshwa yakapondwa na kutiwa mafuta. Litakalokushangaza ni saa. Kiamsha kinywa cha maana huliwa katikati ya asubuhi, mwendo wa saa nne au saa tano, na watu hula pamoja kutoka sinia moja. Dada mmoja alikuwa akibeba biskuti zake na kula peke yake darasani kwa kuogopa kuumwa na tumbo. Ilimchukua majuma matatu kugundua kwamba mipango yote ya shule ilikuwa ikifanyiwa pale kwenye sinia.

Lugha rasmi ni Kiingereza, nacho ndicho utakachofundishia. Lakini sokoni, kanisani na kwenye uwanja wa shule utasikia Kiarabu cha Juba, na hapo mtu wa Kiswahili ana bahati yake. Kitabu ni <i>kitab</i>, sabuni ni <i>sabun</i>, sukari ni <i>sukar</i>, chai ni <i>shai</i>, samaki ni <i>samak</i>, na mwalimu mwanamume huitwa <i>ustaz</i>. Bahati hiyo ina mitego. Ukisikia <i>ana</i>, usifikiri kuna mtu mwenye kitu. Maana yake ni mimi. <i>Ita</i> haimwiti mtu, ni wewe. <i>Moya</i> si hesabu, ni maji. Na siku utakapoomba maji ukajibiwa <i>mafi</i>, usikasirike wala usicheke. Umeambiwa tu kwamba hakuna. (Kijana aliyenieleza haya anasema alitoka nje akacheka hadi machozi yakamtoka, na mwenyeji wake akadhani ni kiu.)

Jifunze pia salamu ya jamii unayoishi nayo: <i>kudual</i> kwa Wadinka, <i>maale</i> kwa Wanuer, na nyinginezo kulingana na mahali. Wala usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, na vijana wengi wa Sudan Kusini wamesomea huko, wengine Kitale, Eldoret na Nakuru. Wapo waliofanya KCPE na KCSE kama wewe. Hata mfumo wao ni miaka minane ya shule ya msingi na minne ya sekondari, kama tuliokuwa nao hapa kabla ya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023. Kwa hivyo utajihisi nyumbani mapema, na hapo ndipo taabu huanzia. Mkenya akijihisi nyumbani, huanza kupanga.

Ataona ratiba imekaa vibaya, aipange upya. Ataona rejista haijajazwa, aulize ni nani mwenye zamu. Atataja jinsi mambo yanavyofanywa Nairobi, mara moja, mara mbili, mara kumi. Mwenyeji atatabasamu. Lakini wewe hukuja kama Mzungu aliyetoka mbali ambaye makosa yake husamehewa. Wewe ni jirani, na majirani huwekeana kumbukumbu. Mnamo Septemba 2014 serikali ya Juba ilitoa amri ya kuwataka waajiri wawaondoe wageni ili nafasi zao zichukuliwe na wenyeji, kisha ikalegeza kamba baada ya siku chache tu. Amri ilipita. Hisia zilizoizaa zilitokana na watu kuona hoteli, benki na ofisi za mashirika katika mji wao zimejaa Wakenya na Waganda, na hisia hizo hazikupita na amri.

Hebu sasa tuingie katika chumba cha walimu, kama shule yako itakuwa nacho. Ni Jumatatu. Mwalimu mkuu anakutambulisha: huyu ni mwalimu wa kujitolea kutoka Nairobi. Unapigiwa makofi. Kando yako ameketi mwalimu wa hisabati mwenye watoto watano, aliyeajiriwa na serikali. Naye anapiga makofi. Mwaka wa 2024 watumishi wa serikali Sudan Kusini walikaa miezi mingi bila mshahara, na wakati huo huo pauni ya nchi ilikuwa ikiporomoka, hivi kwamba malipo yalipofika hayakununua hata nusu ya yale yaliyotarajiwa. Mtu huyu aliendelea kuja darasani. Wewe umelipiwa nauli, umelipiwa chumba, na kanisa lako linakutumia pesa za matumizi kila mwisho wa mwezi. Pesa hizo unaziona ni kidogo, na kwa bei za Nairobi ni kidogo kweli. Kati yenu wawili, ni nani anayejitolea?

Swali hili ndilo waliorudi walilitaja baada ya kunyamaza. Hawakuandaliwa kwa ajili yake. Walikuwa wamefunzwa jinsi ya kuchemsha maji.

Dada yule wa biskuti aliniambia kwamba mwezi wake wa kwanza aliupitisha akiwa na hasira. Mwalimu wa sayansi alikuwa akitoweka kila siku baada ya saa tano, na darasa lake likabaki likipiga kelele hadi jioni. Dada akaanza kuandika tarehe katika daftari, akikusudia kupeleka ripoti kwa mchungaji aliyemwalika. Siku moja alisimamisha bodaboda ya kwenda sokoni, na mwendeshaji alikuwa mwalimu wa sayansi. Hakuna aliyejua aseme nini. Walikwenda kimya hadi sokoni, na mwalimu akapokea nauli yake.

Ripoti haikuandikwa. Kesho yake dada alimwomba mwalimu mkuu wabadilishane vipindi: vyote vya sayansi viwekwe kabla ya kiamsha kinywa, na vyake yeye vya Kiingereza vije baada ya hapo, jua linapokuwa kali na watoto wamechoka. Alichukua saa mbaya, akampa mwenzake saa nzuri. Kuanzia juma hilo watoto walisoma sayansi. Haikugharimu kanisa la Nairobi hata senti moja, na sidhani kama iliingia katika taarifa yoyote ya maendeleo iliyosomwa kwa waumini. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa alilofanya katika miezi yake sita.

Kuna aliyefanya kinyume, tena kwa nia njema. Huyu alikuwa kijana mchangamfu, mwenye michezo, nyimbo na peremende mfukoni. Wanafunzi walimpenda mno hata wakawa wanamkataa mwalimu wao wa siku zote na kuuliza "ticha wa Kenya" yuko wapi. Yeye alifurahi, na ni nani asingefurahi? Mwezi wa nne muda wake ulikwisha akapanda ndege. Darasa likarudishwa kwa mwalimu yule yule waliyemkataa, ambaye sasa alikuwa na wanafunzi wasiomsikiliza, na bado alikuwa hana mshahara. Kijana alipata habari hizo kwa simu miezi miwili baadaye. Mwalimu huyo alikuwa ameacha kazi na kwenda kutafuta kibarua katika ghala.

Usije ukadhani dawa ni kugawa pesa. Ukimpa mwenzako pesa leo, kesho utakuwa tajiri wake, na huwezi kufanya kazi chini ya mtu anayekuona tajiri. Changia chai kama wengine wanavyochangia, kwa zamu. Akifiwa, toa rambirambi kama wanavyotoa wao. Ukiwa na vitabu vya ziada, viweke mikononi mwa mwalimu mkuu ili vigawiwe kwa mkono wake. Ukiombwa uwe mkuu wa idara ya Kiingereza katika juma la pili, kataa kwa heshima na uombe uwe msaidizi wa aliyeko. Na neno "Nairobi" lipunguze.

Na kanisani je? Wapo wanaokwenda wakidhani wanapeleka Injili mahali isipojulikana. Ndani ya vita vya mwaka wa 1983 hadi 2005 ndipo Wadinka wengi sana walipoingia Ukristo, wakiwa wakimbizi, wakiabudu chini ya miti na kutunga nyimbo zao wenyewe. Mary Alueel, mwanamke Mdinka wa Bor, anajulikana kwa nyimbo alizotunga katika miaka hiyo. Ibada yaweza kuwa ndefu kuliko uliyoizoea, watu wameshika misalaba ya mbao na ngoma inalia. Kwa hivyo ukifika na gita na mapambio, liache gita chumbani kwa muda, uimbiwe kwanza. Jambo jingine, ubishi wa madhehebu uache hapa hapa. Mnamo Februari 2023 Papa Francis, Askofu Mkuu wa Canterbury Justin Welby na kiongozi wa Kanisa la Scotland Iain Greenshields walikwenda Juba kwa ziara moja ya pamoja. Kama wao waliweza, hata wewe wa kanisa la Kayole unaweza kumsalimu padre.

Sasa nimjibu mama aliyeandika barua ya tatu. Mama, hofu yako ina msingi. Mapigano yalizuka Juba Desemba 2013, na Serikali ya Kenya ikalazimika kuwaondoa raia wake kwa ndege. Yalizuka tena Julai 2016, na hata baada ya mkataba wa amani wa 2018 utulivu wa nchi hiyo haujawa wa kutegemea. Usimzuie binti yako kwa machozi, maana kwa umri wake atakwenda tu. Mzuie kwa karatasi. Mwambie alete maandishi yaliyotiwa sahihi na kanisa linalomtuma, yanayoonyesha ni nani atakayelipa tikiti ya dharura siku hiyo hiyo mambo yakiharibika, ni nani atakayegharimia hospitali, analala wapi na ufunguo wa mlango wake unashikwa na nani, na ni mtu gani mjini Juba atakayepokea simu yako usiku wa manane. Apeleke pia jina lake kwa ubalozi wa Kenya ulioko Juba. Kanisa lisiloweza kuandika hayo katika ukurasa mmoja halijawa tayari kumtuma mtoto wa mtu, hata wakiomba kwa kufunga siku arubaini.

Na wewe pia, mama, una kazi nyumbani. Usiwatangazie shangazi na wajomba kwamba binti yuko ng'ambo. Neno hilo hugeuka dola kabla halijavuka ua. Mmoja wa niliozungumza nao alikuwa akipigiwa simu kila Jumamosi na jamaa waliochangia nauli yake, mmoja akitaka karo, mwingine mtaji wa duka. Alianza kukopa Juba ili atume Nairobi. Yaani mtu wa kujitolea alirudi nyumbani na deni! Wambie jamaa waziwazi, hata kabla ya ibada ya kumuaga, kwamba anakwenda bila mshahara na atarudi bila akiba.

Msichana wa Kayole, kwako nina swali moja. Unakwenda kwa sababu umeitwa, au kwa sababu TSC haijakuita? Si dhambi ikiwa ni la pili; wengi wanaotembea lami na vyeti mkononi huona heri kufundisha bure kuliko kukaa bure. Lakini mwambie mchungaji wako ukweli huo. TSC ikitangaza nafasi katikati ya muhula utatamani kurudi mbio, na kule kutakuwa na darasa lililokutegemea. Kama unajua utarudi, basi usikubali darasa la nane wala la watahiniwa wa sekondari. Omba madarasa ya chini, ambako mwenzako anaweza kukupokea bila mtihani kumkaba koo.

Kijana wa likizo ndefu, wewe nakuambia usipewe darasa kabisa. Majuma manane hayatoshi hata kujua majina. Ukipenda nenda ukapange maktaba, ukasahihishe insha chini ya mwalimu wa Kiingereza, au ukawasaidie jioni walimu wanaotaka kunoa Kiingereza chao. Kuna walimu wazoefu huko waliosomeshwa kwa Kiarabu enzi za Khartoum, wanaojua somo lao barabara lakini sasa hutakiwa kulifundisha kwa Kiingereza. Kaa na mmoja wao kila jioni kwa majuma manane, na utakaporudi chuoni yeye atabaki na faida hiyo darasani. Ikiwa kazi hiyo inaonekana ndogo mno kwako, tafuta kibarua hapa Nairobi, pesa za nauli zinunuliwe chaki.

Kuhusu kuondoka, lianze jambo hili mwezi mmoja kabla. Anayekurithi aingie darasani mwako, mfundishe pamoja, na siku za mwisho yeye ndiye asimame mbele nawe uketi nyuma pamoja na wanafunzi. Mwachie maazimio ya kazi, alama za kila mtoto, na orodha ya wale wanaojificha nyuma kwa sababu hawajui kusoma. Usimwahidi mtoto yeyote karo, wala kumletea Kenya, wala kwamba utarudi mwakani, ila kama tikiti unayo mkononi. Hao wameagwa na walimu wengi. Namba yako ya simu usiwape wanafunzi sitini. Mpe mwalimu mkuu.

Zipo barua nyingine nilizozipokea kuhusu jambo hili, ikiwamo ya mama mwenye mtoto mchanga anayeuliza kama anaweza kwenda na yaya. Hiyo nitaijibu Jumapili ijayo.